Daftari la Ndoto na Mlango wa Mganga

Wapo waumini wanaotuuliza iwapo yafaa kuweka daftari karibu na kitanda, mtu akaandika alichokiota kabla hakijamtoka akilini, kisha akatafuta tafsiri yake. Jibu letu ni kwamba kuandika kwenyewe hakuna makosa. Makosa huanza daftari linapofunguliwa mbele ya asiyestahiki kulisoma.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha katika Hadithi sahihi kuwa ndoto ni za namna tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya nafsi ya mtu mwenyewe. Aliyeota baya hutema mate kidogo kushotoni mara tatu, akajikinga kwa Mwenyezi Mungu, wala hamsimulii mtu. Hata ndoto njema husimuliwa umpendaye tu. Nabii Yaakub (a.s.) alimkataza Yusuf asiwasimulie nduguze, nao ni watoto wa baba mmoja!

Sasa tutazame yanayotendeka katika pwani yetu hii ya Tanga, Pangani na Mkinga. Mtu ameota nyoka mlangoni. Kunapokucha hamwendei mwenye elimu, humwendea mganga. Naye hupiga ramli na kumtaja jirani, aghalabu bibi kizee mjane asiye na mtetezi. Ujirani wa miaka arobaini huvunjwa na usingizi wa usiku mmoja. Wengine hukimbilia kitabu cha tafsiri kinachonasibishwa na Ibn Sirin, tabiina wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria. Wahakiki wameonesha kuwa nasaba hiyo haina mashiko. Tena yeye mwenyewe hakufasiri kwa orodha: imepokewa kuwa watu wawili walimwambia wameota wakiadhini, mmoja akamfasiria Hija, wa pili wizi.

Ndoto iliyoandikwa ina nguvu ya ajabu juu ya watu. Mwaka 1908, mara baada ya vita vya Maji Maji, ilienea Lindi barua iliyodai kuwa Sheikh Ahmad, mhudumu wa kaburi la Mtume Madina, ameoteshwa maonyo kuhusu Kiyama. Watawala wa Kijerumani walitaharuki wakidhani ni uasi. Barua za namna hiyo zimeendelea kunakiliwa, na leo huja kwa simu: isambaze utajirike, ipuuze upatwe na msiba. Sheikh Abdulaziz bin Baz aliandika kuikanusha. Dini iliyokamilika haingojei usingizi wa mtu.

Basi mwenye kutaka kuandika na aandike, ila aandike zote, pamoja na tarehe na yaliyomshughulisha mchana: ada ya shule, deni la dukani, mgonjwa aliyelazwa Bombo. Kwa uoni wetu, kujiandikia si kusimulia. Baada ya miezi mitatu asome. Ataona ni nyingi mno zisizozaa kitu, na kwamba nyingi zilikuwa ada na deni vilivyovaa sura nyingine. Mganga huishi kwa ile moja iliyosadifu, kwa kuwa zilizobaki tumezisahau, daftari halisahau.

Likae sandukuni. Na palipoandikwa jina la jirani au wifi, tunashauri jina lifutwe siku hiyohiyo, ndoto ibaki.