Mbio za magari: mtazamaji wa Boyoma naye ahesabiwe

Mwezi wa Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilimaliza kununua MultiChoice ya Afrika Kusini, mwenye DStv na SuperSport. Hapa Kisangani habari ile ilipita kama mambo ya wakubwa wa feza, mambo ya Paris na Johannesburg. Lakini kwa wapenzi wa mbio za magari na za pikipiki, inagusa Jumapili yao moja kwa moja. Zamani, aliyetaka Formula 1 kwa Kifaransa alifuata Canal+, na aliyetaka kwa Kiingereza alifuata SuperSport. Zilikuwa duka mbili. Leo ni duka moja yenye milango miwili: ukikimbia bei ya mlango huu, ukabisha hodi kwa ule mwingine, mwenye nyumba ni yule yule.

Na anayeuza naye ni mmoja. Liberty Media ya Marekani ilichukua Formula 1 mwaka 2017, na mwaka 2025 ikachukua MotoGP. Magari na pikipiki, mkono mmoja.

Hatusemi kama hawa wafanyabiashara wamefanya ubaya. Haki za kuonyesha mashindano zinauzwa sokoni. Anayelipa ndiye anayeonyesha. Tunachosema ni hiki: biashara inapofanyika, hakuna anayemwuliza neno mtazamaji wa hapa kwetu. Chaneli ikihamia buke nyingine, yeye atajua ile siku anawasha televizyo. «Ndugu, chaîne haiko tena, ilihama.» Na abonema ya mwezi alikwisha kulipa.

Mpira una watetezi. Haki za Kombe la Dunia la 2022 kwa nchi zetu zinazosema Kifaransa zilipochukuliwa na New World TV, kampuni ya Lomé, kila mwenye dekoda alijiuliza atatazama wapi, na kila mtu alilisema kwa sauti. Mechi ya Léopards ikikosa kwenye televizyo, kuanzia Makiso mpaka Lubunga watu watapiga kelele, na kelele zile zitafika Kinshasa. Mbio za magari hazina kelele hiyo. Wapenzi wake ni wachache: makanika wa garaji, vijana wa taxi-moto, wanafunzi wa chuo kikuu. Wanachanga franga kwa abonema moja, wanachanga tena kwa mafuta ya jenereta umeme wa SNEL unapokatika, wanajaa mbele ya televizyo moja. Kwa hesabu za kampuni, kundi zima ni mteja mmoja.

Tunajua kuna watakaosema: mji huu unatafuta maji, umeme na njia nzuri, na ninyi mnalilia magari ya matajiri? Neno hilo lina uzito, hatulikatai. Lakini kijana anayefungua injini mchana kutwa, mikono imejaa oili, naye ana haki ya kuona injini iliyotengenezwa na wajuzi wa dunia inavyokimbia. Tena, hana pengine pa kuiona. Formula 1 haijakanyaga Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Mtu wa Naivasha, Kenya, Safari Rally ikipita, anaweza kusimama kando ya njia na kula vumbi lake bila dekoda. Mtu wa Kisangani hana njia hiyo. Kwake, televizyo ndiyo kiwanja. Ukifunga televizyo, umefunga kiwanja.

Jambo hili halikuanza kwetu, na limewauma hata wenye mali. Uingereza, BBC ilionyesha mbio zote bure mpaka 2011. Mwaka 2012 Sky iliingia, na tangu 2019 karibu kila kitu ni cha Sky. Ufaransa, TF1 iliachia Canal+ mwaka 2013. Ujerumani, RTL iliachia Sky mwaka 2021. Marekani, kuanzia msimu wa 2026, mbio zinatoka ESPN na kwenda kwa Apple.

Lakini tuangalie vizuri. Huko, mlango haukufungwa wote. Mwingereza bado anapata mbio za Silverstone na muhtasari wa mbio nyingine kwenye Channel 4, bila abonema. Ufaransa ina dekreti ya tarehe 22 Desemba 2004 yenye orodha ya mashindano makubwa yasiyoweza kufungiwa wenye abonema peke yao. Grand Prix ya Ufaransa ya Formula 1 imo ndani, pamoja na Tour de France na mechi za timu ya taifa. Ni sheria ya nchi ile ile inakotoka kampuni inayotuuzia dekoda. Basi haki ya mtazamaji si kitu kipya kwao.

Nasi tuna CSAC, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011 kusimamia redio na televizyo, na tuna RTNC, televizyo ya wote. Kwao tunaomba mambo matatu. Kwanza, Kongo iwe na orodha yake: Léopards mbele ya wote, halafu mbio chache za magari na pikipiki kwa mwaka, mbili au tatu tu. Pili, kampuni inayotaka kuondoa chaneli kwenye buke itangaze mapema, kabla watu hawajalipa mwezi. Na aliyekwisha kulipa arudishiwe. Tatu, RTNC ijadiliane na wenye haki ipate muhtasari wa kila mbio, hata nusu saa Jumapili usiku. Muhtasari hauuzwi bei ya mbio nzima.

Wasituambie kama Formula 1 iko mbali, Kongo haiwezi kuongea nayo. Mwezi wa Februari 2025, waziri wetu wa mambo ya inje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia wakubwa wa Formula 1 wasiipe Rwanda Grand Prix. Kisangani, mji uliopigwa mabomu kwa Vita ya Siku Sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania mitaa yetu, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa barua ile.

Serikali, basi, inajua pa kuwaandikia. Barua ya kwanza ilisema Kongo haitaki nini. Tunangoja ya pili, itakayosema kama na Wakongomani wanatazama, na wanataka kuendelea kutazama.