Kabla ya kuhesabu, tusome

Mmoja wa walezi wetu aliomba nafasi ya kufundisha katika chuo kimoja, na swali la kwanza kabisa aliloulizwa lilikuwa hili: kipimo chako cha h ni ngapi? Hakuulizwa ameandika nini. Alitusimulia hayo mezani, wakati wa chakula cha usiku, huku akicheka. Sisi tuliomsikiliza tulikaa na swali lile siku kadhaa, maana baadhi yetu tutatumwa masomo ya juu kesho au keshokutwa, nasi tutakutana nalo.

Kwa ndugu msomaji asiyekijua kipimo hicho, kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti mwenye makala 10 ambazo kila moja imetajwa na watafiti wengine walau mara 10 amefikia kipimo cha 10. Akitaka 11, awe na makala 11 zilizotajwa walau mara 11 kila moja. Kompyuta hulifanya jambo hilo kwa nukta moja, na hapo ndipo ulipo utamu wake kwa mwenye kuajiri.

Hatusemi kwamba kutajwa hakuna maana. Eugene Garfield alipotoa faharasa yake ya marejeo ya sayansi mwaka 1964, alitaka kuwasaidia watafiti kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine, kama mtu anayefuata nyayo. Hiyo ni huduma njema, nasi huitumia maktabani kila juma. Shida inaanza pale nyayo zinapogeuzwa kuwa mizani ya kumpima mtu.

Tumtazame Gregor Mendel, mtawa wa Waaugustino wa Brno. Alipanda njegere kwa miaka mingi katika bustani ya monasteri, akahesabu mimea kwa maelfu, akasoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa mji huo mwaka 1865. Makala ikachapwa mwaka uliofuata. Kisha kimya. Wachache mno waliitaja, na waliofanya hivyo hawakuona kilichomo. Mwaka 1868 akachaguliwa kuwa abati, kazi za utawala zikammeza, akafariki mwaka 1884. Ilikuwa mwaka 1900 ndipo wanasayansi waliofanya majaribio yao wenyewe walipokuta kwamba mtawa yule alikwisha kuwatangulia. Kwa miaka 34 kamati yoyote ya kupandisha vyeo ingemwambia Mendel aongeze bidii.

Mfano wa pili uko hapa kwetu, nao tunaupenda zaidi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friji aliweka maziwa yake yakiwa ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na wenzake wakamcheka. Osborne hakumdharau, akaenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la walimu wa fizikia, jina la Mpemba likitangulia. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu yake. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotangaza shindano la kulieleza jambo hilo, majibu yalifika 22,000. Kwa makala ile peke yake, kipimo cha h cha Mpemba hakiwezi kuvuka 1, hata itajwe mara elfu.

Sasa ushirikiano. Nao siku hizi huhesabiwa: umeandika na wangapi, kutoka nchi ngapi? Mwaka 2015 ilitoka makala ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154, na orodha ya majina ilichukua kurasa nyingi kuliko utafiti wenyewe. Hatuwalaumu, mtambo ule hauendeshwi na watu wawili. Lakini katika hesabu, kila mmoja wa elfu hizo anapata alama sawa na aliyefanya kazi peke yake miaka mitano. Na kwa upande wa pili tunawajua wauguzi na wahudumu wa zahanati za vijijini waliokusanya takwimu za watafiti kutoka mbali, wakapanda vilima kwa miguu, na mwishowe wakaambulia sentensi moja ya shukrani. Kati ya Osborne na Mpemba ulikuwapo ushirikiano, ingawa idadi yao ni wawili tu.

Kinachotuuma zaidi ni lugha. Padre anayeandika kwa Kiswahili juu ya mila za ndoa katika kijiji cha parokia yake, kitabu ambacho makatekista wanakisoma mpaka jalada linachanika, kwenye faharasa hizo kubwa ana sifuri. Mwenzake anayeandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji thelathini wa ng'ambo ana namba. Tukiifuata mizani hiyo, tutafundishwa tangu sasa kuwakimbia watu wetu wenyewe. Na wapo wanaotumia mlango wa nyuma: rafiki anamtaja rafiki, au mtu analipa ada kwa jarida linalochapa chochote.

Tumepeleka pendekezo kwa baraza la masomo la nyumba yetu. Mwalimu anapotathminiwa, yeye mwenyewe achague maandishi yake mawili, ya lugha yoyote, na wajumbe wote wayasome kabla namba yoyote haijawekwa mezani. Na kwenye kazi ya pamoja aeleze kwa sentensi chache sehemu aliyoifanya yeye. Mjumbe mmoja ametuambia kwamba muda wa kusoma hautoshi. Kikao ni baada ya Pasaka.