Gari Likizima Nyungwe, Tulilinde Pamoja

Wananchi wenzangu wa Rusizi, safari ya Kigali mnaijua. Unatoka Kamembe jua linawaka juu ya Ziwa Kivu, shati la mikono mifupi linakutosha. Ukishapita Ntendezi na kuanza kuukwea msitu wa Nyungwe, hewa inageuka. Ukifika Uwinka uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ukungu umelala kwenye lami, na yule aliyelicheka koti lako kule stendi sasa amejikunyata kitini.

Aliyeanzia Bugarama na shehena ya saruji au mchele amekwea zaidi, maana bonde lile liko chini ya mita 1,000. Je, ni ajabu basi kwamba magari mengi huchoka hapo?

Theluji hatuna. Wanayo ndugu zetu walioko Kanada, na ukiwapigia simu mwezi wa Januari watakusimulia. Kule Winnipeg na Edmonton watu huchomeka injini ya gari kwenye umeme usiku ili asubuhi ikubali kuwaka. Joto likishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi. Na wezi wa huko wanaijua baridi hiyo vizuri: mtu akiwasha gari asubuhi lipate joto, akaliacha likinguruma na kurudi ndani kumalizia chai, akitoka halipo. Polisi wao hulikumbusha jambo hilo kila majira ya baridi.

Nimeyataja ya huko ili tuone jambo moja. Baridi, gari bovu na wizi huandamana, popote pale. Gari linalosumbua humwondoa mwenyewe kwenye mali yake, au humfanya aiache wazi. Sisi tuna Nyungwe yetu, na msimu wa mvua tuna giza la mapema na barabara inayoteleza. Tufanye nini?

Tuanze nyumbani, kabla hata ya kufungua geti. Mara ya mwisho ulifungua boneti lini, gari lenyewe likiwa halijakulazimisha? Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeganda pale, fungua vishikio ukianza na cha hasi, safisha kwa maji ya moto, kaza vizuri, paka grisi kidogo. Kazi ya dakika chache, tena mtoto wako mkubwa anaweza kukusaidia na akajifunza. Wenye gari la dizeli, zile plagi za kupasha joto zikichoka hutazijua mchana wa Kamembe. Utazijua alfajiri, umelala njiani upande wa Gisakura, ufunguo unazungusha na injini inakohoa tu.

Rejeta nayo ina siri yake. Maji katika sufuria iliyo wazi huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini kule Uwinka huchemka karibu nyuzi 92. Ndani ya rejeta, mfuniko ndio unaobana mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Mfuniko ukilegea, na umepakia tani zako, unapanda mlima kwa gia ndogo, unadhani itakuwaje? Maji maalumu ya kupozea huchelewa kuchemka kuliko maji ya kijito, na huzuia kutu pia. Yana gharama, najua. Lakini linganisha na gharama ya kulala msituni. Na tafadhali, mzee au kijana, usifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto. Uso hauna spea.

Haya, pamoja na yote hayo gari limezima. Dereva ameweka majani barabarani, mita kadhaa nyuma na mbele, ishara tunayoielewa wote. Ameweka jiwe nyuma ya gurudumu. (Ukiondoka, ndugu dereva, ondoa jiwe hilo na majani hayo: ukungu ukishuka, anayekufuata hataviona.) Kama kuna kijiji karibu, vijana wanafika upesi. Wengi wao wamekuja kusukuma, na Mungu awabariki. Lakini gari lililokwama lina mengi yanayovutia jicho: turubai lenye kamba iliyolegea, tairi la akiba, tangi la mafuta, simu iliyoachwa juu ya dashibodi.

Ningependa tufanye hivi. Dereva, kubaliana malipo na vijana kabla hawajatia mkono. Kijana anayejua kwamba kazi yake ya saa moja itamletea kitu halali mfukoni, atakuwa wa kwanza kumkemea mwenziwe anayelipapasa turubai. Nanyi wazazi mlio karibu na barabara, mkisikia gari limezima, atoke mtu mzima mmoja asimame pale. Hahitaji fimbo wala maneno mengi. Asalimie tu, aulize wametoka wapi, aseme yeye ni wa hapa. Mmeona jinsi uwepo wa mzee unavyotuliza mkusanyiko?

Kuna jambo moja silichukulii kwa wepesi, nalo ni mafuta. Ng'ambo ya mto, katika bonde hili hili tunalogawana na ndugu zetu wa Kongo, tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale Sange, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Watu wakaja na ndoo na madumu kuchota. Moto ukalipuka, ukawaua zaidi ya watu 230. Wengi hawakuwa hata wamechota: walikuwa majumbani, au wamekusanyika ndani wakitazama Kombe la Dunia. Hao walikuwa watu kama sisi, wenye shida kama zetu za taa na za kupikia. Basi tukiona lori la mafuta limelala, tuwarudishe watoto mbali, tuzime sigara na jiko, tupige 112 au 113 ya ajali za barabarani. Dumu libaki nyumbani.

Tukirudi mjini, magari yanalala barabarani Kamembe, na asubuhi mtu anakuta kioo cha pembeni hakipo, au mikono ya kufutia mvua, au betri. Nimelifikiria sana hili. Kioo cha gari hakiliwi wala hakivaliwi. Aliyekichukua amekichukua kwa sababu anajua kuna atakayekinunua. Kwa hiyo ninapozungumza na mafundi wetu, ambao wengi ni watu wa heshima wanaolea familia kwa spana, nawaomba waulize swali dogo kabla ya kununua spea iliyotumika: umeitoa kwenye gari gani? Nasi wateja tuwasaidie, tusiwabane kwa bei ambayo spea halali haiwezi kuifikia. Ukimwambia fundi akutafutie taa ya bei ya kutupa na usiulize imetoka wapi, umemweka mahali pagumu. Fundi atoe risiti, mteja adai risiti. Chonga namba ya gari lako kwenye vioo na kwenye betri. Kitu chenye namba ni kigumu kukiuza.

Na tukimshika kijana na kioo mkononi? Tusimguse. Tumkabidhi kwa irondo au kwa Polisi, au tupige 166 ya RIB. Ni mtoto wa mtu, huenda ni mtoto wa mtaa wetu, na mkono wetu ukimzidi tutakuwa na kesi kubwa kuliko ile ya kioo. Wanairondo wenyewe tuwalipe mchango wao kwa wakati. Mtu anayekesha mvuani akilinda gari lako anastahili walau buti zisizovuja.

Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kazi ikiisha na tukikaa kuzungumza kama kawaida, naomba kila mudugudu ulete hoja hii. Nani ana jeki nzito? Nani ana nyaya za kuazimishana betri? Fundi gani yuko tayari kuamshwa usiku, na kwa malipo gani ya haki? Mkuu wa isibo aandike majina na namba za simu, karatasi ibandikwe kwenye duka lililo karibu na barabara, mahali ambapo hata mgeni asiyejua Kinyarwanda ataiona. Iandikwe kwa Kiswahili pia, kwa sababu madereva wengi wanaopita hapa usiku ndiyo lugha yao ya njiani.