Mpe nyoka maficho kabla ya kumwashia kamera

Wadau, leo naongea kuhusu nyoka, na najua nusu yenu mshaanza kutafuta jiwe. Tulieni. Kwetu hakuna nyoka. Mathe angenifukuza mimi kwanza, ndio amalizie na nyoka.

Nyoka ninayemwongelea anaishi Marekani, kwa binamu yangu. Ni chatu mdogo anayeitwa Python regius, asili yake Afrika Magharibi na Kati. Wazungu wamempa jina la mpira kwa sababu akiogopa anajikunja duara na kuficha kichwa katikati. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Binamu alimnunulia tangi la kioo, taa ya joto, bakuli la maji na kajani kamoja ka plastiki. Tangi safi, unaona ndani kutoka pande zote. Baada ya wiki tatu akanipigia: nyoka hali, usiku mzima anasukuma pua kwenye kona. "Wewe si ndio mtu wa mitandao, nitafutie." Nikatafuta, nikasoma mpaka bando ikaisha. Na nikatoka na msimamo ambao sitaubadilisha: nyoka asiye na mahali pa kujificha hajafugwa, amewekwa maonyesho.

Fikiria maisha yake porini. Mchana huyu chatu analala ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Giza likiingia ndio anatoka. Ukuta ukimgusa mgongo na mbavu, anajua hakuna mwewe atamshukia. Sasa mtoe hapo, umweke kwenye kioo sebuleni, taa inawaka, watoto wanagonga. Kwani wewe ungekula?

Na maficho sio kitu cha doo nyingi. Chukua mkebe wa plastiki wa aiskrimu, ule usioonyesha ndani. Uoshe, uupindue, ukate mlango mmoja upana kidogo kuliko sehemu nene ya mwili wake. Piga msasa kingo mpaka kidole chako kipite bila kukwaruzwa. Umemaliza. Hata katoni ya viatu ni sawa, bora isikaribie taa maana ni karatasi, na ikilowa au ikichafuka unatupa unatengeneza ingine. Selotepu usiweke kabisa. Nyoka akinaswa kwa gundi, kumbandua ni kumchuna.

Kuna mambo mawili watu hukosea. La kwanza ni ukubwa. Sisi tunadhani nyumba kubwa ndio heshima. Kwa nyoka, maficho mazuri ni yale anayojaa akijikunja, pande zote zinamgusa. Ukimpa jumba, bado anajiona yuko nje. La pili ni idadi. Weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto, nyuzi 31 au 32 hivi, lingine upande wa baridi, karibu 25. Nyoka hana jiko ndani ya mwili kama sisi, joto anachukua nje. Ukimwekea maficho upande mmoja tu, unamlazimisha achague kati ya usalama na joto la mwili wake. Huo ni ukatili, hata kama tangi lako ni la bei.

Binamu alikata mikebe miwili jioni moja. Nyoka akaingia kwa mmoja na hakuonekana mchana kwa siku kadhaa. Wiki ya pili akala. Sisemi mkebe ni dawa ya kila kitu. Nyoka akikonda au akipumua kwa shida, peleka kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao.

Sasa kuna mtu atasema: nimenunua mnyama nimwone, sio nikae naangalia mkebe wa aiskrimu. Nakuelewa. Lakini zima taa, kaa kimya, ngoja. Atatoa kichwa mwenyewe, atazunguka mwenyewe. Hapo ndio unaona nyoka. Ile ya kumvuta kwa mkono saa nane mchana unaona hofu tu.

Na hapa ndio sisi watu wa kontenti tunaingia. Zile video za chatu amejikunja mkononi kama mpira, muziki laini, watu wanaandika "aki anapenda kubembelezwa". Mnakumbuka jina lake lilitoka wapi? Hapendi. Anaogopa, na tunampa laiki kwa kuogopa. Kuna jamaa alinitaka nifanye video kama hiyo, na malipo yangetosha rent ya mwezi. Niliacha chuo mwaka wa pili, hii simu ndio ofisi yangu, so msidhani kukataa ilikuwa rahisi. Lakini kama riziki yangu ni mnyama kutetemeka, basi heri nirudi kuuza mitumba.

Na kabla hujaenda kutafuta nyoka kichakani ndio uanze pia wewe, sikiza. Kenya, kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huwezi kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali cha KWS. Usichukulie poa. Mwezi wa tano 2025, korti ya Nairobi ilipiga watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa biashara ya chungu. Chungu, wadau, wale wadudu! Sasa wewe na nyoka utajitetea aje?

Ukikutana na nyoka kwako, rudi nyuma, toa watoto, piga KWS. Usimguse ndio upate video. Ukitaka kuwaona bila kuvunja sheria, nenda Snake Park pale makumbusho ya Nairobi, ama Bio-Ken ukiwa Watamu.

Kwa wale mko majuu na mna kibali cha kufuga: leo usiku tafuta mkebe na msasa. Na kama huwezi kuvumilia mnyama anayetaka kujificha, fuga jogoo. Yeye kuonekana ndio kazi yake.