"Imeidhinishwa": Kabla Usaini Fomu ya Utafiti Mtaani, Jua Hiyo Neno Inamaanisha Nini

Kama unaishi Mathare, Kibera, Kayole, Majengo ama Nyalenda, hii stori unaijua. Wasee wawili wanabisha kejani, wana tableti na kadi ya kazi shingoni. "Tunafanya utafiti kidogo tu, ni dakika 45." Unaulizwa jana ulikula nini, umelala na wangapi mwaka huu, umewahi kufikiria kujiua, choo mnashare na watu wangapi. Ukimaliza unasaini, unapewa doh ya fare ama sabuni, na wao wanahepa. Hapo ndo mwisho. Hukuwahi kuwaona tena.

Ukiwauliza kama hiyo kitu ni halali, jibu huwa moja: "Imeidhinishwa." Na mara nyingi si uongo, karatasi iko. Shida ni kwamba wengi wetu tukisikia hilo neno tunadhani maana yake ni "serikali imesema nikubali." Hapana. Kibali kinamruhusu mtafiti kukuuliza. Jibu bado ni lako, na hata ukikubali, kibali peke yake hakikuhakikishii kwamba utawahi kujua walipata nini.

Na hii si mambo ya maprofesa. Wale wanaotafutwa zaidi kwa hizi tafiti ni vijana wa mtaa: wako karibu, wako kejani mchana ju kazi hakuna, na mia tano kwao ni pesa.

Muhuri unapitia wapi?

Kwa Kenya, mtu hawezi tu kuamka na kuanza kuchukua damu ya watu. Kwanza anaandika mpango wake wote: anatafuta nini, atauliza akina nani, hatari ni gani, atalipa nini. Huo mpango unaenda kwa kamati ya maadili. KEMRI wako na yao, hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi wako na yao, Amref pia. Kamati inasoma mpaka ile fomu utakayosaini wewe, na inaweza kuirudisha ikisema lugha ni ngumu ama doh ni nyingi sana.

Baada ya hapo kuna NACOSTI, tume ya sayansi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Hao ndo wanatoa leseni ya utafiti. Mtafiti kutoka nje lazima ashikane na taasisi ya hapa. Kama ni dawa mpya ama chanjo, kuna mlango mwingine: Bodi ya Dawa na Sumu, ile PPB. Halafu kaunti nayo hupashwa kabla watu wafike mtaani.

Kwa karatasi, hiyo ni safu nzuri ya mabeki. Lakini cheki kitu moja: hao wote wanakutana kwa ofisi kabla wewe ujue chochote. Beki wa mwisho ni wewe ukiwa na biro mkononi, na huyo ndo hupewa muda mchache kuliko wote.

Kuna wakati imelipa, tena vizuri

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Kuna vitu ulimwengu mzima unatumia leo ju Wakenya walikubali kusaini.

Cheki utafiti wa KEN SHE. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, kutoka Nairobi, Thika na Kisumu, walikubali kujaribiwa kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. HPV ndio kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Wakati huo wengi walikuwa wanapewa dozi mbili ama tatu. Matokeo yalitoka 2022: dozi moja ilizuia maambukizi kwa zaidi ya asilimia 97 kwa miezi 18 ya kwanza. Mwaka huo huo, wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani wakasema dozi moja inatosha kwa wasichana. Kwa nchi ambayo haina doh, hiyo ni tofauti kubwa, ju chanjo ya msichana mmoja inafikia wawili.

Na kuna kitu kingine kilifanywa vizuri. Wale ambao kwanza walidungwa chanjo ya ugonjwa mwingine, ndio watafiti walinganishe, hawakuachwa hivyo. Baadaye nao walipewa ya HPV.

Ama PrEP, ile dawa ya kuzuia HIV ambayo siku hizi unapata kliniki bure. Kabla ifike hapo, jozi 4,747 za wapenzi wa Kenya na Uganda, mmoja akiwa na HIV na mwingine hana, ziliingia kwa utafiti wa Partners PrEP. Julai 2011, bodi huru iliyokuwa inacheki data ilisema imetosha, dawa inafanya kazi, acheni kupea watu vidonge bandia. Aina moja ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kenya ilianza kuisambaza kitaifa 2017.

Kwa hivyo utafiti si adui. Swali ni nani anabeba mzigo, na nani anabeba faida.

Majengo walitoa damu, jina likaandikwa wapi?

Hapa ndo stori inaanza kuwa noma. Tangu miaka ya 80, wanawake wanaouza ngono Majengo, Pumwani, wamekuwa wakichunguzwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Canada. Wachache kati yao walishangaza dunia: walikutana na HIV miaka na miaka na hawakuipata. Damu yao ikawa msingi wa wazo la chanjo, iliyobuniwa na wanasayansi wa Nairobi wakishirikiana na wa Oxford.

Mwaka 2000 kukawa na kelele. Ilijulikana kwamba wenzao wa Uingereza walikuwa wameomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, bila kuweka wanasayansi wa Nairobi ndani. Watu wa Nairobi wakawaka, mazungumzo yakafanywa, na mwishowe wakakubaliana kushare. Majaribio yenyewe yalianza Nairobi 2001, lakini hiyo chanjo haikufua dafu.

Sasa fikiria. Kama maprofesa wenye ofisi na mawakili nusura waachwe nje, je, yule mama wa Majengo aliyekunja mkono kudungwa sindano mwaka baada ya mwaka? Kwa ile vita ya hataza, yeye hakuwa hata na kiti.

Kayole-Soweto: nani aliulizwa?

Si lazima utafiti uchukue damu ndio uume. Agosti 2020, Twitter ya Kenya iliwaka kwa sababu ya utafiti wa wachumi uliofanywa Kayole-Soweto na watu wa Benki ya Dunia na kampuni ya maji ya Nairobi. Walitaka kujua kama landlord akitishiwa kukatiwa maji atalipa deni. Kwa hivyo ploti ziligawanywa kwa bahati nasibu: zingine zikapewa ilani ya kukatiwa na wasiolipa wakakatiwa kweli, zingine zikaachwa. Watafiti wakaandika kwamba malipo yalipanda.

Watu walipouliza, waandishi walitoa maelezo marefu. Utetezi wao mkubwa ulikuwa kwamba kukatia wasiolipa maji tayari ilikuwa sera ya kampuni, wao walipima tu.

Inaweza kuwa kweli na bado swali libaki. Mwenye deni ni landlord, lakini anayebeba mtungi ni mpangaji. Mama mwenye mtoto mdogo kwa ile ploti, nani alimwambia maji yake yako ndani ya jaribio la mtu? Utafiti wa dawa una fomu, una kamati inayokumbuka madhara. Utafiti wa jamii huwa na mdomo mtamu: "ni maswali tu", "ni sera tu". Lakini kiu si maswali.

Doh ikiwa nyingi, fomu haisomwi

Mnakumbuka foleni za KICC, Agosti 2023? Wasee walipanga laini kuanzia alfajiri kupigwa picha ya macho na Worldcoin, ju ya tokeni 25 zilizokuwa na thamani ya thao saba hivi. Zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wameshajiandikisha serikali iliposimamisha. Hiyo haikuwa utafiti wa afya, ilikuwa biashara, lakini somo ni lile lile. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, na ikasema ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu na pesa ya kidijitali si ridhaa halali.

Ndiyo maana kamati za maadili huangalia pesa. Kulipia fare na muda wako ni haki. Kulipa mpaka mtu mwenye deni la rent asiweze kukataa ni kitu kingine. Na hapa lazima tuseme ukweli: kwa mtu ambaye hajakula tangu jana, hata mia tano inaweza kufunga macho.

Data ndo moto sasa. Desemba 2025, siku chache tu baada ya Kenya kusaini mkataba wa afya na Marekani, Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu ya kupeana data za afya za Wakenya. Watu wameanza kuelewa kwamba majibu yako ya kliniki ni mali.

Na mfadhili akizima stima?

Kuna hatari nyingine ambayo muhuri hauwezi kuzuia. Sehemu kubwa ya hizi tafiti inalipwa kutoka nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na majaribio yaliyokuwa yanalipwa na USAID yakaambiwa yasimame hapo hapo. Afrika Kusini, wanawake waliokuwa wanajaribu pete ya kuzuia HIV walikuwa bado nayo mwilini. Kamati ya maadili ilikuwa imeidhinisha kila kitu. Lakini aliyeidhinisha si yeye mwenye pochi.

Hii inafaa kutusumbua kama nchi. Serikali isipoweka doh yake kwa utafiti, ajenda itaandikwa na yule analipa, na siku akikasirika tutabaki na sindano nusu.

Uvumi hauji bure

Kule Kilifi, kwa miaka mingi watu wa utafiti wamesemwa kuwa ni wanyonya damu. Homa Bay, shirika la GiveDirectly lilipokuja kupeana pesa bure, familia nyingi zilikataa, wengine wakisema ni pesa za shetani. Ni rahisi kucheka. Lakini mtu akichukua damu yako na asirudi kukuambia alipata nini, utajaza pengo na nini?

Kilifi walijifunza. KEMRI na Wellcome walianzisha mtandao wa wawakilishi wa jamii, wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe, kubeba maswali kwenda na majibu kurudi. Haijamaliza kila shida, lakini angalau kuna mtu wa kijijini unayemjua unaweza kumuuliza. Nairobi, ambapo mtaa mmoja unaweza kuwa na tafiti kadhaa kwa wakati mmoja, tunahitaji hiyo kitu hadi kwa kila wadi.

Wakibisha kesho, uliza hizi

- Leseni ya NACOSTI iko wapi? Iko na nambari na msimbo wa QR. Toa simu uiskani. Cheki pia tarehe, ju leseni huisha.
- Kamati gani ya maadili iliwapitisha, na nambari yao ya simu ni gani? Lazima iwe kwa fomu. Hiyo ndo unapiga ukionewa, si kumpigia mtafiti mwenyewe.
- Damu yangu ama majibu yangu yanaenda wapi, na yatakaa miaka mingapi? Kama yanaenda nje ya nchi, iandikwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko upande wako.
- Nikiumia, nani analipa hospitali?
- Nikitaka kutoka katikati, itakuwaje? Jibu sahihi ni moja: unatoka, na huduma yako ya kawaida kliniki haiguswi.
- Matokeo mtayarudisha mtaani lini, na kwa lugha gani?

Na usisaini bila kubaki na nakala yako. Ukiona mtu anakuharakisha, ama anakasirika ju umeuliza, mwambie arudi siku nyingine. Mtafiti mpoa atafurahi, ju ridhaa ya mtu aliyeelewa ndo inamfaa.

Kwa NACOSTI na kamati zote, ombi ni moja. Mnaitisha ripoti ya mwisho ya kila utafiti iletwe ofisini. Itisheni pia ushahidi kwamba matokeo yalirudishwa kwa wale waliotoa damu, majibu na muda wao: baraza moja, bango moja kwa zahanati, hata meseji. Asiyerudisha, asipewe leseni nyingine. Mabinti wa Thika na Kisumu walibadilisha chanjo ya dunia nzima. Kila mtu anayesaini ile fomu anastahili kujua yeye alibadilisha nini.

Wewe je, umewahi kuingia kwa utafiti? Walirudi kukuambia walipata nini, ama bado unangoja?