Deni la wakati wa neema

Maradhi ya korona yalipoenea mwaka 2020, hoteli nyingi duniani zilibaki bila wageni. Miongoni mwa zilizotikisika ni Host Hotels & Resorts ya Marekani, mfuko ambao wenye hisa huchanga mtaji ukanunua hoteli. Sheria ya huko huitaka mifuko ya aina hii kugawa walau asilimia 90 ya faida inayotozwa kodi, hivyo si rahisi kulimbikiza.

Mapato yake yalishuka kutoka takriban dola bilioni 5.5 mwaka 2019 hadi takriban bilioni 1.6 mwaka uliofuata. Ikafunga baadhi ya hoteli kwa muda na kusitisha gawio. Liliporejea mwaka 2022, lilikuwa senti 3 tu kwa hisa. Hata hivyo haikuanguka, kwani msiba uliikuta na fedha taslimu na hoteli nyingi zisizo na rehani. Mwenzake, Ashford Hospitality Trust, aliyelemewa na madeni, aliwaachia wakopeshaji baadhi ya hoteli zake.

Hatuisifu mikopo yao ya riba, ambayo kwetu ni haramu. Tunalotaka lizingatiwe ni kwamba janga halikuchagua. Lililowatenganisha ni deni walilolibeba wakati wa neema. Basi vipi sisi tuweke rehani nyumba ya watoto kwa sherehe ya harusi ya usiku mmoja? Tupunguze madeni tungali na kipato, kwani siku ya dhiki haibishi hodi.

Wabillahi tawfiq.