Wapagazi wa Kariakoo Wakumbukwe kwa Majina Yao

Zipo habari za aina tatu ambazo Mtanzania huzipata kila wiki, naye aghalabu huzipokea kila moja peke yake bila kuziunganisha: habari za familia, habari za michezo na habari za kumbukumbu. Katika wiki ya Julai inayoangukia Siku ya Mashujaa, tarehe 25, habari hizo hukaa pamoja, na hapo hudhihirika tofauti moja kubwa. Katika familia na katika michezo, mtu hutajwa kwa jina lake. Katika kumbukumbu za taifa, mara nyingi mno, jina halipo.

Yatazamwe matangazo ya vifo yasomwayo redioni. Tangazo halimtaji marehemu peke yake. Humtaja mjane, watoto walioko Mwanza na Tanga, shemeji aliyeko Songea, na hata rafiki aliyefanya naye kazi. Kisha huomba habari ziwafikie wote hao popote walipo. Mwaka ukitimia, picha ya marehemu hutolewa gazetini pamoja na majina ya wale wanaomkumbuka. Hakuna familia iliyo na akili timamu itakayotangaza kwamba "watu kadhaa wamefariki", kisha ikaishia hapo. Tangazo la namna hiyo lingekuwa tusi kwa wafu na kwa walio hai.

Katika michezo hali ni hiyo hiyo. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao sita kwa bila, na Abdallah Kibadeni akapachika matatu kati ya hayo. Vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya siku ile wanalijua jina lake na idadi ya mabao yake. Mashabiki wa Yanga nao hujibu kwa kuyataja mabao matano waliyoifunga timu hiyo hiyo mwaka 1968, ilipokuwa bado ikiitwa Sunderland. Hakuna anayelazimishwa kuyakariri mambo hayo. Hukumbukwa kwa sababu yaliandikwa, yakasimuliwa, na kila tendo likapewa mwenyewe.

Siku hizi pambano la watani hao wa jadi huitwa Dabi ya Kariakoo, kwa kuwa klabu zote mbili zina makao yao katika eneo hilo la Dar es Salaam. Maelfu ya watu hulitamka neno Kariakoo kila siku, wakienda sokoni au wakibishana juu ya mpira. Ni wachache wanaokumbuka kwamba neno hilo lenyewe ni kumbukumbu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kambi ya kikosi chao cha wapagazi iliwekwa mahali hapo. Kikosi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa wake wa Kariokor, kwa sababu iyo hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza, iliyoendelea katika nchi hii tangu 1914 hadi 1918, ilikuwa ni vita ya wakoloni wawili waliogombea mali isiyokuwa yao. Reli zilikuwa chache, magari yalizama katika matope ya masika, na mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe. Hivyo mzigo wa vita ukatwikwa kichwani mwa binadamu. Wanaume walikamatwa vijijini, wakachukuliwa mbali na kwao, wakabeba risasi, unga na machela za majeruhi. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Upande wa Wajerumani wengi waliswagwa bila hata kuandikishwa.

Wala msiba haukuishia njiani. Majeshi yote mawili yalipita Ugogo yakichukua nafaka, mifugo na nguvukazi ya wanaume. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Kila mpagazi aliyeanguka porini aliacha shamba lisilolimwa, mama aliyengoja, na watoto ambao hawakupata kuambiwa baba yao alizikwa wapi. Habari hizo hazikuwafikia popote walipokuwa.

Katika barabara ya Samora, Dar es Salaam, ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake, ambayo maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi pamoja na askari, na yanaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake, jina lake litakumbukwa na watoto wake. Jina gani? Mnara mzima hauna hata jina moja la hao walioahidiwa. Ahadi ilichongwa, majina hayakuchongwa.

Wala haikuwa bahati mbaya. Mwezi Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe juu ya jambo hili. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilikiri pia kwamba ubaguzi wa wakati ule ulichangia. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni. Radhi ni jambo la uungwana, lakini radhi haimrudishi mtu katika orodha ambayo hakuandikwa.

Wapo watakaosema kwamba wapagazi hawa hawastahili kukumbukwa, maana walimtumikia mkoloni. Hoja hiyo haina uzito. Mtu aliyefungwa kamba shingoni akapelekwa vitani hakuchagua bwana. Kumkumbuka si kumtukuza aliyemtwika mzigo; bali ni kumwondoa katika hesabu za mkoloni na kumrudisha kwa ndugu zake. Wapo pia watakaosema kwamba muda umepita. Ni kweli kwamba walioiona vita ile wamekwisha kufa. Lakini wajukuu wao wangalipo, nao ni wazee. Kila mzee anayezikwa leo huenda anazikwa na jina la mtu mwingine ambaye hana kaburi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mali, sembuse kwa watu? Hapo ndipo wajibu wa mwalimu na wa mtumishi wa umma unapoonekana. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakawaulize babu na bibi swali moja tu: ni nani katika ukoo huu aliyechukuliwa wakati wa vita ya Wajerumani asirudi? Majibu yaandikwe katika daftari la shule: jina, kijiji, ukoo, na jina la msimulizi. Ofisa Mtendaji wa Kijiji apewe nakala, na nyingine ipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa. Kazi hiyo haihitaji msaada wa fedha kutoka nje. Inahitaji kalamu, karatasi na subira ya kumsikiliza mzee hadi amalize.

Klabu za Simba na Yanga nazo zinadaiwa, kwa sababu zinaishi ndani ya jina la watu hao. Siku ya pambano lao, dakika moja ya kimya na maelezo mafupi ya maana ya Kariakoo yangewafundisha vijana wengi kuliko vitabu vingi.

Kila tarehe 25 Julai mkuki na ngao, sime, upinde na shada la maua huwekwa kwenye mnara wa mashujaa. Heshima hiyo ni ya haki, na idumu. Lakini shada hunyauka baada ya siku chache, na mnara hauwezi kujibu mtoto anapouliza ni akina nani. Daftari linaweza. Yafaa lianze kuandikwa muhula huu, kabla wazee waliobaki hawajatangazwa redioni.